Fundi wa Vipando vya Nanenane

Tarehe 8 Agosti haisogei. Mgeni rasmi anaweza kuchelewa, hema linaweza kusimamishwa usiku wa manane, bango linaweza kuchapwa jana yake na bado likapendeza. Mpunga hauna haraka ya namna hiyo. Kama masuke hayajatoka, hayajatoka, na hakuna mkubwa awezaye kuyaamuru. Ndiyo maana kila ninapoingia katika viwanja vya Nanenane huyapita mahema na spika zake, nikaenda kwanza kwenye vipando.

Kwa ambaye hajafika, vipando ni vijishamba vinavyolimwa ndani ya viwanja vya maonyesho, vingine si vikubwa kuliko chumba cha kulala. Halmashauri, vyuo, vituo vya utafiti, magereza, jeshi na kampuni za mbegu, kila mmoja huwa na eneo lake. Utavikuta Morogoro katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Mbeya katika viwanja vya John Mwakangale, Dodoma pale Nzuguni, Arusha pale Themi, Lindi pale Ngongo. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, milango huwa wazi kwa mkulima na asiye mkulima. Mtu wa mjini anayeyajua mahindi yakiwa unga, na nyanya zikiwa fungu mezani sokoni, hupata nafasi ya kusimama mbele ya mmea wenyewe, akaugusa na kumuuliza aliyeupanda.

Tunakumbuka hotuba za tarehe 8, na tunakumbuka ng'ombe mkubwa aliyepewa tuzo. Aliyeifanya bustani iwe tayari siku ile ile tuliyofika sisi, hatumkumbuki. Nataka kumsema yeye, kwa sababu kazi yake ni ufundi kamili, nami nimeutazama kwa miaka kadhaa bila kuuchoka.

Mkulima wa kawaida huhesabu siku kwenda mbele. Mvua imenyesha, anapanda, kisha anangoja avune lini. Fundi wa vipando huhesabu kurudi nyuma. Siku ya mavuno ya macho ameshapangiwa, na kazi yake ni kuitafuta siku ya kupanda.

Nilijifunza hesabu hiyo Morogoro, mwezi wa Juni mmoja, wakati viwanja vikiwa kimya na njia zake zimejaa majani makavu. Nilimkuta mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, amechutama kwenye tuta akipunguzia miche ya bamia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita, lakini usinikanyagie tuta."

Pembeni yake palikuwa na daftari lenye jalada lililolowa na kukauka mara nyingi. Kila zao lilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulianza na tarehe 1 Agosti juu kabisa, kisha siku zikashuka kuelekea chini hadi masika. Nyanya, kwa mfano. Tangu kupandikizwa hadi matunda ya kwanza kuiva, alizipa siku 75. Hiyo ikamrudisha hadi tarehe 18 Mei. Kabla ya hapo mche hukaa kitaluni wiki nne, akarudi hadi tarehe 20 Aprili. Kisha akaongeza siku kumi za baridi. Mbegu yake ya nyanya ikaingia kitaluni tarehe 10 Aprili, mvua kubwa ikinyesha, wakati ambapo hakuna mtu mwingine Morogoro aliyekuwa akiiwaza Nanenane.

Zile siku kumi za baridi ndizo zilizonifanya nikae chini nimsikilize. Hesabu ya kwenye pakiti ya mbegu, aliniambia, imepigwa kwa joto la wastani. Mwezi Juni kipupwe huingia, usiku unakuwa mrefu na baridi, na mmea hupunguza mwendo. Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, siku chache za nyongeza zinatosha. Wenzake wa Mbeya, walioko kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,700, huongeza wiki nzima nzima, na mbegu ya mahindi inayowahi Pwani kwao huchelewa sana. Hakuna kitabu kinachompa kila mmoja tarakimu yake. Huipata kwa kukosea mwaka mmoja, kuandika, na kurekebisha mwaka unaofuata. Daftari la mzee yule lilikuwa na makosa yake yote ya nyuma, yameandikwa kwa wino uleule wa mafanikio.

Kila zao lina tabia yake. Mchicha huwa tayari ndani ya wiki tatu hadi nne, hivyo hupandwa Julai. Mpunga wa SARO 5, unaopendwa na wakulima wengi wa mabondeni, huhitaji kama siku 120, hivyo lazima uwe umeshaingia ardhini mwishoni mwa Machi ili Agosti uwe umeinamisha masuke. Muhogo hudai miezi tisa hadi mwaka mzima. Kipando cha muhogo cha maonyesho yajayo hupandwa wakati mahema ya mwaka huu yamekunjwa juzi tu.

Halafu kuna ugumu wa pili, ambao mtazamaji haufikirii. Maonyesho si ya siku moja. Mchicha uliopendeza tarehe 1 utakuwa umekomaa na kuanza kutoa mbegu tarehe 8. Alizeti iliyochanua mapema itakuwa imeinamisha kichwa na kupukutisha petali kabla umati haujaja. Basi fundi hupanda kwa awamu: tuta la kwanza leo, la pili baada ya siku nne, la tatu baada ya siku nne nyingine. Mgeni wa siku ya kwanza na wa siku ya mwisho wote huona ua limefunguka, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba hawakuona ua lilelile.

Kwenye alizeti niliona jambo jingine lililonifurahisha. Mmea mchanga wa alizeti hufuata jua kutwa, lakini ua likishakomaa huacha kuzunguka na kubaki limeelekea mashariki. Mzee aliijua tabia hiyo, akaipanda alizeti yake upande wa magharibi wa njia. Agosti ilipofika, kila aliyepita alitazamwa usoni na mistari mitatu ya maua. Watu walisimama kupiga picha bila kujua kwa nini wamesimama hapo na si kwa jirani, ambaye alizeti yake nzuri ilikuwa imewapa kisogo.

Ukiinama utaona ufundi wa mkono. Mistari ya mahindi ilikuwa imenyooka kwa sababu ya kamba ya katani iliyofungwa vizibo vya soda kila baada ya sentimita 30. Mstari hadi mstari ni sentimita 75, shimo moja mche mmoja. Kwa kipimo hicho ekari moja hubeba karibu mimea 18,000. Mkulima anayepanda kwa kukadiria kwa hatua za mguu hupata pungufu ya hapo, au hubananisha mingine ikadhoofika kwa kugombea jua na chakula. Mzee hakuwa na haja ya kulihubiri hilo. Aliitundika kamba yake kwenye mti pembeni ya kipando, vizibo vikining'inia, na wakulima waliofika waliishika wenyewe, wakahesabu vizibo, wakaulizana katani inauzwa wapi.

Kipando nilichokiheshimu kuliko vyote, hata hivyo, kilikuwa kibaya. Katikati ya mahindi yaliyostawi palikuwa na mistari minne ya mahindi mafupi yenye majani ya njano. Wapitaji walidhani ni uzembe. Ilikuwa mistari isiyotiwa mbolea, iliyowekwa makusudi ili watu walinganishe. Mbegu ni ileile, siku ya kupanda ileile, palizi ileile, maji ni keni kwa keni.

"Nikiinyima hii maji, nitakuwa nimedanganya," aliniambia. "Mtu atakwenda kununua mbolea kumbe tofauti aliyoiona ilikuwa ya kiu."

Nilimtazama mzee wa miaka yake akibeba keni mbili za maji asubuhi ya baridi, kwenda kunywesha mahindi ambayo kazi yake yote ilikuwa kuonekana dhaifu, na ayanyweshe sawasawa na yale ya kujivunia. Uaminifu wa namna hiyo haumletei tuzo. Mwenye macho ya haraka humhesabia kama kasoro. Lakini mkulima aliyetoka Kilosa au Mvomero, ambaye pesa ya mfuko wa mbolea kwake ni ada ya mtoto, anastahili kuonyeshwa ukweli mtupu kabla hajaamua.

Kwa sababu hiyohiyo aliacha kona moja ya mahindi iliwe. Viwavijeshi vamizi waliingia barani Afrika mwaka 2016 wakitokea mabara ya Amerika, na mwaka uliofuata wakaonekana Tanzania. Wakulima wengi hawamtambui mdudu huyu hadi shamba limekwisha. Mzee alimfungulia mgeni moyo wa mhindi, akamwonyesha kinyesi kinachofanana na unga wa msumeno, kisha kiwavi mwenyewe, mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na nukta nne zilizokaa pembe mraba karibu na mkia. Ukishaiona alama ile mara moja huisahau tena. Picha ya kwenye kipeperushi haikufundishi hivyo.

Nilirudi Agosti. Kipando changu cha kimya kilikuwa sasa kimezungukwa na wanafunzi, akina mama wa vikundi, vijana wenye simu mkononi, na familia zilizotoka Dar es Salaam. Hapo nikaona ustadi wake wa mwisho, nao ni wa kujua la kumwonyesha kila mtu. Mkulima alimwachia aulize. Mwanafunzi alimuuliza yeye. Kwa watoto alikuwa na mstari mmoja wa karanga ukingoni, aliokuwa ameupanda ili ung'olewe.

Msichana wa miaka tisa hivi aliambiwa atafute karanga. Akatazama maua madogo ya njano, akapekua majani, akasema mmea huu bado haujazaa. Mzee akamwambia, "Shika shina hapa chini, mjukuu wangu, vuta taratibu." Udongo ulikuwa umeloweshwa asubuhi ile ili usikatae. Shina likatoka, na karanga zikaning'inia na udongo wake. Kisha akachutama naye, akamwonyesha kijiti chembamba kinachoshuka kutoka pale ua liliponyaukia, kinavyopenya ardhini na kuvimba ncha yake huko gizani hadi kikawa ganda. Ua liko juani, tunda liko chini. Mama wa mtoto, aliyekuwa amenunua karanga maisha yake yote, alinyamaza akitazama. Baba akaomba kuvuta shina la pili.

Hapo nililielewa jambo ambalo walimu wa kilimo walilijua zamani. Shamba darasa, mtindo ulioanza na wakulima wa mpunga wa Indonesia mwaka 1989 kabla ya kufika kwetu, umejengwa juu ya imani hiyohiyo: mtu huamini alichokigundua kwa mkono wake. Mzee yule aliutengeneza ugunduzi wa mtoto yule kwa siku zaidi ya mia moja. Alichagua mbegu, akahesabu siku, akalowesha udongo, kisha akajitoa njiani ili mtoto avute mwenyewe.

Nimewahi kuona kinyume chake pia, katika viwanja vingine ambavyo sitavitaja. Nyanya zilizoiva vizuri zilihamishwa kutoka mashambani usiku, zikachomekwa ardhini pamoja na mifuko yake, na asubuhi zikaitwa kipando. Zilipendeza siku mbili, ya tatu zikalegea. Aliyeziona hakujifunza chochote kuhusu nyanya. Hasara ya udanganyifu ule ni kwamba mkulima akishamkamata mtaalamu mara moja kwa uongo wa bustani, hatamsikiliza tena atakapomwambia ukweli wa dawa au wa mbegu.

Kwa hiyo nina ombi kwa halmashauri zetu na taasisi zetu. Msimtafute fundi wa vipando mwezi Julai, mkampa jembe na amri. Mpeni kipande chake tangu Septemba, maji ya uhakika kipindi cha kipupwe, na mtu kijana wa kumrithi lile daftari. Na tuzo za Nanenane ziwe na nafasi ya kipando chenye ulinganisho wa haki, hata kama nusu yake ni ya njano.

Nawe msomaji, usingoje tarehe 8, siku ya misafara na vumbi. Nenda siku za mwanzo, asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Chukua mtoto. Kwenye kila kipando tafuta kibao, na kwenye kibao tafuta tarehe ya kupanda. Kama ipo, hesabu siku mwenyewe hadi leo, kisha mtafute mwenye udongo kwenye kucha, umsalimie na umpe pongezi zake. Huyo amekungoja tangu masika.