"Kipimo" na "Makadirio": Uhakiki wa Istilahi za Endoskopi

Miongoni mwa maneno yanayobebeshwa mzigo kupita kiasi katika Kiswahili cha tiba ni "kipimo". Kwa neno hilo moja hutajwa uchunguzi anaofanyiwa mgonjwa, chombo kinachotumika, na hata tarakimu inayoandikwa katika majibu. Mkazi wa Mabibo aliyechunguzwa utumbo mpana kwa kamera husema amefanyiwa "kipimo". Naye mfasiri wa majibu yake huandika kwamba "kipimo cha uvimbe ni milimita 10". Matumizi ya kwanza hayana madhara. Haya ya pili yanapotosha.

Kamera ya endoskopi, kwa kawaida, haipimi ukubwa. Lenzi yake hutazama eneo pana: kitu kilicho karibu nayo huonekana kikubwa kuliko kingine cha ukubwa uo huo kilicho mbali, na kilicho pembezoni mwa picha huonekana kidogo kuliko kilicho katikati. Picha yenyewe haina rula. Kwa hiyo daktari hukadiria kwa jicho, au hulinganisha na koleo ambalo upana wake ukifunguliwa unajulikana. Tarakimu inayopatikana ni makadirio.

Je, jambo hili ni dogo? La. Kwa mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2020, mtu aliyeondolewa adenoma moja au mbili zilizo chini ya milimita 10 hutakiwa kurudi kuchunguzwa baada ya miaka 7 hadi 10. Adenoma ikifikia milimita 10, hurudi baada ya miaka 3. Basi milimita moja tu, kati ya 9 na 10, yaweza kubadili miaka kadhaa ya kungoja. Msomaji wa majibu ana haki ya kujua kama milimita hiyo ilipimwa au ilikadiriwa.

Neno "uvimbe" nalo halitoshi. Mguu uliotegukia una uvimbe. Mwenye saratani pia huambiwa ana uvimbe. Kwa kiota kinachochomoza kutoka katika ukuta wa utumbo, wananchi wanalo tayari neno "kinyama", kama wasemavyo "vinyama vya pua". Neno hilo halitangulii kutoa hukumu ya ugonjwa. Wataalamu wakipenda waseme "polipu", lakini majibu ya mgonjwa yaandikwe "kinyama".

Huenda wengine wakapinga kwamba "makadirio" yatamtia mgonjwa shaka. Hofu hiyo haina msingi. Katika soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, anayeutazama mkungu na kutaja uzito wake amekadiria; akiuweka katika mizani, amepima. Hakuna Mswahili anayechanganya mambo hayo mawili, wala anayemdharau mwenye jicho zoefu. Lugha inayo tofauti hiyo tayari. Ni maandishi yetu yanayoifuta.

Twapendekeza, basi, tendo liitwe "uchunguzi kwa kamera". Ukubwa uliotazamwa uitwe "makadirio ya kipenyo". Na "kipimo" kibaki kwa kilichopimwa kwa chombo, nacho chombo kitajwe. Mfasiri ataandika: "Kinyama kimoja, makadirio ya kipenyo, kwa kulinganisha na koleo, ni milimita 10." Sentensi hiyo ni ndefu kidogo kuliko ile ya awali, lakini inamweleza mgonjwa na daktari atakayempokea kiasi gani waitegemee tarakimu hiyo.