Jani Lilelile, Maji Tofauti

Mkungu haufichi msimu wake wa kupukutisha. Kabla ya kuanguka, jani lake hugeuka jekundu, kisha likawa la kahawia na kukakamaa chini ya mti. Mtu wa Mombasa au Lamu hulifagia na kulichoma. Nchini Thailand, wafugaji wa betta, wale samaki wadogo wapiganaji wenye mapezi marefu, huliokota, hulikausha na kulitumbukiza katika tangi. Baada ya siku chache maji huwa na rangi ya chai ya rangi, na wenyewe husema samaki hutulia, vidonda hupona na mayai hayaoti ukungu.

Mbinu hiyo imeenea duniani, na anayefuga samaki wa mapambo Kitui au Wote ana haki ya kuuliza kama itamfaa. Itamfaa au haitamfaa kutegemea mahali alikochota maji. Wanaosifu jani huwa wanazungumza juu ya jani tu, ilhali nusu ya kazi inafanywa na maji, na maji ya Ukambani hayafanani na ya Bangkok.

Tuanze na jani lenyewe. Likilowa, hutoa tanini na asidi nyingine za mimea pamoja na kemikali zinazozuia baadhi ya bakteria na kuvu. Hilo si la kusimuliwa tu. Mwaka 2005 Chanagun Chitmanat na wenzake wa Thailand walichapisha majaribio waliyofanya kwa maji ya majani ya mkungu dhidi ya maradhi ya tilapia, samaki yuleyule anayefugwa katika mabwawa ya Kenya. Kiasi cha miligramu 800 kwa lita kiliangamiza Trichodina, kimelea anayeng'ang'ania ngozi na matamvua. Ukuaji wa bakteria Aeromonas hydrophila ulizuiwa kuanzia miligramu 500 kwa lita. Ukungu wa mayai ulipungua kwa miligramu 200 tu.

Sasa tuweke takwimu hizo kwenye tangi la sebuleni lenye lita 60. Miligramu 800 kwa lita ni gramu 48 za majani. Tukichukulia kwamba jani kubwa kavu lina gramu 4, hayo ni majani 12. Kawaida ya wafugaji ni jani moja kwa lita 40 hivi, yaani miligramu 100 kwa lita, kiasi kilicho chini mara nane ya kile kilichomshinda Trichodina. Kwa hiyo jani moja linaloelea tangini si dawa ya samaki aliyekwisha kuugua. Pengine ni kinga, na pahali linapokaribia kweli kipimo cha maabara ni kwenye mayai: majani matatu katika lita zile 60 yanafikisha miligramu 200.

Sifa ya pili ya jani ni kushusha pH, na hapa ndipo Kitui na Makueni zinapoingia. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za kaunti hizi yana chumvi na ni magumu. Sufuria na birika za chai hujaa utando mweupe. Ugumu wa namna hiyo kwa kawaida huja pamoja na bikaboneti, ambayo kazi yake ni kumeza asidi. Jani likitoa asidi, bikaboneti inaipokea, na pH inabaki ilipokuwa. Maji yatabadilika rangi, mwenye tangi ataridhika, lakini kipimo hakitasogea.

Maji ya mvua ni kinyume chake. Yanayoteremka kutoka kwenye mabati hadi tangi la plastiki wakati wa mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo mvua kuu za Ukambani, yana bikaboneti kidogo mno. Jani lilelile likitiwa humo linaweza kuteremsha pH kwa siku chache. Hata chombo cha kuhifadhia kina neno lake: tangi jipya la saruji huachia chokaa na kupandisha pH, hivyo nyumba mbili zilizochota mvua ya usiku mmoja zinaweza kuwa na maji mawili tofauti. Jaribio ni rahisi. Chupa mbili za lita moja, moja ya kisima na moja ya mvua, kila moja ipate kipande cha jani chenye uzito sawa, zikae siku tatu, kisha zipimwe kwa karatasi za pH. Zote mbili zitakuwa za kahawia. Rangi si kipimo cha asidi.

Je, asidi yenyewe inahitajika? Inategemea samaki. Tetra wa Rio Negro, katika bonde la Amazon, wametoka katika maji meusi ya majani yaliyooza, laini na yenye asidi kali. Hao jani linawarudishia hali ya kwao. Lakini samaki wa mapambo ambao Afrika Mashariki imeupa ulimwengu, wale sikilidi wenye rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi, wanaishi kwenye maji magumu yenye pH iliyo juu ya 7. Tanganyika hukaribia 9. Kwa mfugaji wa Mutomo mwenye kisima kigumu, hao ndio wageni wanaofaa zaidi, na hawahitaji jani lolote.

Kuhusu miti, mkungu si wa lazima. Majani makavu ya mwembe na ya mpera hutumika pia, na Makueni haina uhaba wa maembe. Tahadhari ni dawa: shamba la maembe linalopuliziwa dhidi ya nzi wa matunda halifai kuokotwa majani. Yachukuliwe ya mti wa uani ambao haujawahi kupuliziwa, yaliyoanguka yenyewe yakiwa ya kahawia, mbali na vumbi la barabara. Jani bichi bado lina sukari na utomvu, nalo huoza haraka na kuchafua maji. Yakaushwe kivulini mpaka yavunjike kwa kidole, yaoshwe, ndipo yatumike.

Mwarobaini ukae nje kabisa, hata kama nyumbani ni dawa ya kila kitu. Azadiraktini yake huua wadudu, na ikizidi majini hudhuru samaki. Mukau, mti wa mbao ambao Kitui imeupanda kwa bidii, ni wa familia hiyohiyo ya mwarobaini, kwa hiyo nao usiguswe. Anayedhani kila jani ni la amani akumbuke utupa: majani yake yalitwangwa na kumwagwa mtoni ili samaki walewe na kuelea.

Joto nalo lina hesabu yake. Maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 miligramu 7.5. Kibwezi mchana wa Februari haiko mbali na hizo 30. Bakteria wanaokula jani linalooza hutumia oksijeni hiyohiyo ya samaki, ndiyo maana majani mengi bila pampu ya hewa ni hatari, hasa usiku umeme ukikatika. Jani liondolewe likianza kuwa nyavu tupu. Na kichujio chenye makaa kitafyonza tanini yote, hivyo makaa yatolewe kwanza au jani lisitiwe.

Hatari kubwa kuliko zote hutokea mwishoni mwa kiangazi. Tangi la samaki limeendeshwa kwa maji ya mvua na majani tangu Novemba, pH imeshuka chini ya 6. Kwa kiwango hicho bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki huzorota, na amonia hujikusanya. Haiui, kwa sababu katika asidi karibu yote huwa katika umbo la amoniamu, lisilo na sumu kali. Ifikapo Septemba tangi la mvua limekauka, na mwenyewe ananunua mtungi wa maji ya kisima na kubadilisha nusu ya tangi kwa mara moja. pH inapanda hadi 8. Katika nyuzi 25, sehemu ya amonia yenye sumu ni chini ya asilimia 1 kwenye pH 7, kama asilimia 5 kwenye pH 8, na asilimia 36 kwenye pH 9. Samaki waliokuwa wazima asubuhi wanahema juu ya maji jioni, na lawama inaangukia kisima.

Njia ya kuliepuka hilo ni kuanza mapema, tangi la mvua likiwa bado na robo. Majani yatolewe, amonia ipimwe, na kama ipo ipunguzwe kwanza kwa kubadilisha maji kwa maji yaleyale ya mvua. Kisha maji ya kisima yaanze kuingia kidogokidogo, sehemu moja kwa kumi kwa siku, pH ikipimwa kila mara. Amonia ikionekana tena, kisima kisubiri.