Mpiga Mbiu wa Mshahara na Mpiga Mbiu wa Bure

Neno "atalaku" si la Kiswahili. Limetoka katika Kikongo, na asili yake ni kumwambia mtu aangalie huku. Katika muziki wa Kinshasa, atalaku ni yule asimamaye mbele ya magitaa, ambaye hasemwi kuwa mwimbaji hasa, bali kazi yake ni kupiga kelele za kuwaamsha watu na kuyataja majina ya wakubwa waliotoa fedha. Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984, alilichukua neno hilo akaliweka kuwa jina la filamu yake, Atalaku, iliyotoka mwaka 2013 na kupata mwaka uleule tuzo ya Joris Ivens katika tamasha la Cinéma du Réel huko Paris. Twataka kuizungumza leo, ijapokuwa miaka mingi imepita, kwa sababu kila uchaguzi unapokaribia wazo lake larudi vinywani mwa watu, hata wale wasioiona filamu yenyewe.

Habari yake ni fupi. Ni mwaka 2011, imebaki miezi miwili kabla ya tarehe 28 Novemba, siku ambayo Wakongo walimchagua rais na wabunge kwa pamoja. Mchungaji mmoja asiye na kitu aona kwamba saa ya kupata imefika. Apatana bei na mgombea wa ubunge aliye tayari kutoa zaidi, azunguka barabarani kumtangaza, tena amtafutia wanamuziki wa kutunga wimbo wa kampeni. Basi, ndiyo hayo kwa muda wa saa moja hivi. Hamadi hahubiri. Awafuata watu na kamera yake, kisha atuachia sisi kazi ya kuhukumu. (Na Mkatoliki asicheke upesi kwa kuwa yule ni mchungaji wala si mkatekisti. Fulana za wagombea huonekana hata katika mabenchi yetu ya nyuma, Jumapili, wakati wa misa ya pili.)

Tuseme wazi kwamba filamu hii ni nzuri, na iliyoyaonyesha ni kweli. Mwaka ule wagombea wa ubunge walikuwa zaidi ya 18,000, nao waligombea viti 500 tu. Jeshi kubwa namna hiyo lahitaji wapiga mbiu wengi, nao wapiga mbiu wana njaa. Mtu ambaye kwa miaka mitano hakuona barabara, wala dawa, wala mshahara wa mwalimu wa mtoto wake, akiletewa kilo ya chumvi na kipande cha kitenge hujiambia kwamba hiki angalau kimefika. Hamadi hamdhihaki mtu wa namna hiyo, na hapo ndipo twamsifu zaidi. Hamwonyeshi mchungaji yule kama mwizi, bali kama mchuuzi aliyeikuta soko imefunguka.

Lakini tuna neno juu ya filamu hii. Mtu mmoja hayumo ndani yake, na kwa kutokuwamo kwake mtazamaji huondoka akiamini kwamba hayupo duniani.

Tumtafute basi Mangobo. Wanaoujua mji wa Kisangani wajua kwamba komini hiyo ni ya watu wengi, nyumba zimekaribiana, na kijana mwenye baiskeli yake ya toleka ndiye aliyewafikisha wengi sokoni kabla pikipiki hazijajaa kila mahali. Wiki chache kabla ya uchaguzi, katika avenyu hizo hupita watu wengine wasio na spika wala fulana: kijana wa Tume ya Haki na Amani, mama wa jumuiya, mwalimu mstaafu. Wabisha hodi. Wauliza kama kila mtu wa nyumba ana kadi yake ya uchaguzi, wamwambia bibi ni shule gani jina lake limebandikwa, wamweleza kwamba kura hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na kwamba aliyekwisha kuwamo katika mstari saa ile ya kufunga ana haki ya kupiga. Na swali la kwanza waulizwalo ni lipi? "Amekupa ngapi?" Akijibu kwamba hakupewa kitu, watu wa nyumba huangaliana. Ama anaficha, ama ni mjinga.

La mgambo likilia lina jambo, wasema wazee. Sisi tumefika mahali ambapo la mgambo likilia, kwanza twauliza nani amelilipia. Filamu ya Hamadi haikuuanzisha ugonjwa huu, ila imeupiga picha vizuri mno, mpaka wengine wauchukua kuwa ndiyo afya.

Tena katika Mangobo sauti ya kuwaita watu ina historia yake, nayo si ya kuchezewa. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 2002 baadhi ya askari na polisi waliasi utawala wa RCD-Goma uliokuwa umeushika mji. Waliteka redio, wakawatangazia wananchi watoke kuwafukuza Wanyarwanda. Maasi hayakudumu saa nyingi. Mchana askari wa RCD-Goma waliingia Mangobo wakaua watu, wakapora nyumba. Shirika la Human Rights Watch liliandika habari hizo mwaka uleule. Basi watu wa komini hiyo walijifunza kwa damu kwamba anayekuita utoke nje huenda asiwepo risasi zinapoanza. Miaka minne tu baadaye, tarehe 30 Julai 2006, waliitwa tena watoke, safari hii kumchagua rais kati ya wagombea 33. Katika nchi nzima walitoka zaidi ya watu 70 kwa kila 100 walioandikishwa. Nani aliwaita? Padre Apollinaire Malumalu aliongoza tume ya uchaguzi huko Kinshasa, sawa, lakini Padre Malumalu hakubisha hodi Mangobo. Waliobisha hodi ni watu ambao jirani aliwajua kwa jina, waliokuwa wamejificha chini ya kitanda kama yeye siku ile ya mwezi wa Mei. Mtu aliyeogopa pamoja nawe ana haki ya kukuambia usiogope. Kwa mwito wa namna hii hakuna mgombea awezaye kulipa, na filamu iliyoutafuta mwito katika soko tu haikuweza kuukuta.

Sasa tufike penye uchungu, maana tusingekuwa waaminifu kama tungewasifu waitaji wetu wa bure na kuishia hapo. Neno "bure" katika Kiswahili lina maana mbili: bila malipo, na bila faida. Je, kazi yao imekuwa bure kwa maana ya pili?

Mwaka 2011 Kanisa liliweka watazamaji 30,000 hivi katika vituo vya kura. Matokeo yalipotangazwa, Kardinali Laurent Monsengwo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kisangani kuanzia 1988 hadi 2007 kabla ya kwenda Kinshasa, alisema hadharani kwamba hayakulingana na ukweli wala haki. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 Wakatoliki waliandamana kuudai uchaguzi uliocheleweshwa. Watu wakafa Kinshasa, na Kisangani vilevile maandamano yakatawanywa. Uchaguzi ukaja tarehe 30 Desemba 2018, na mashine zake za kupigia kura, na watazamaji wa Kanisa wapata 40,000. Baraza la Maaskofu, ambalo rais wake wakati ule alikuwa Askofu Mkuu Marcel Utembi wa Kisangani, likasema kwamba hesabu iliyotangazwa na tume hailingani na ile waliyoikusanya watazamaji wake. Mahakama ya Katiba ikaithibitisha hesabu ya tume. Mara mbili mchungaji aliyekaa, au aliyewahi kukaa, katika kiti cha Kisangani amesema neno zito, na mara mbili mambo yameendelea kama yalivyopangwa.

Angalieni basi waliotoka kupiga kura: zaidi ya 70 kwa 100 mwaka 2006, karibu 59 mwaka 2011, chini ya 48 mwaka 2018, karibu 43 mwaka 2023. Hesabu hii ndiyo swali ambalo mtu wa Haki na Amani hukutana nalo mlangoni. "Uliniambia niende, nikaenda. Kura yangu iko wapi?" Atalaku hana haja ya jibu. Amekwisha kulipwa, naye yuko mtaa mwingine na wimbo mwingine. Injili yamjua mtu wa mshahara na jinsi anavyokimbia. Mwitaji wa bure hawezi kukimbia. Atakutana na mwulizaji bombani, atakutana naye kwenye matanga, atapeana naye amani katika misa.

Na hapa ndipo tunapowalaumu baadhi ya watu wetu. Wakiogopa swali hilo, wengine wamejigeuza kuwa atalaku bila mshahara: nendeni mkapige kura, kura ni haki, kura ni wajibu, nendeni, nendeni. Waita mpaka saa sita mchana, kisha warudi nyumbani kula. Kelele ileile, ila haikununuliwa. Sisi twaona kwamba kazi yenyewe huanza pale kelele inapokoma. Mwaka 2023 kadi nyingi za uchaguzi zilifutika maandishi mfukoni mwa wenyewe miezi michache baada ya kutolewa. Kumsindikiza mzee kutafuta nakala nyingine kulikuwa na thamani kuliko hotuba kumi. Siku ya tarehe 20 Desemba mwaka ule vituo vingi nchini vilichelewa kufunguliwa, vingine kwa saa nyingi. Aliyeleta maji katika mstari, aliyemshikia mama nafasi akanyonyeshe, huyo aliita watu kwa kweli. Halafu jioni kuna karatasi. Kwa mujibu wa sheria, hesabu ya kila chumba cha kura hubandikwa mlangoni pake. Nani hukaa kuisoma? Watazamaji wa Maaskofu na wa Makanisa ya Kiprotestanti walikuwa 25,000 hivi mwaka 2023, lakini vyumba vya kura vilikuwa makumi elfu kwa makumi elfu. Jirani aliyekaa mpaka usiku, akaisoma karatasi ile kwa mwanga wa simu na kuiandika katika daftari, kesho yake ana jibu la kumpa bibi: kura yako niliiona, katika chumba chetu ilihesabiwa hivi, yaliyotokea baada ya hapo siyajui. Jibu hilo ni dogo, lakini ni la kweli, na bibi ataliamini kwa sababu si kubwa mno.

Juu ya fedha pia tusijifanye malaika. Semina za elimu ya uraia zimekuwa na pesa yake ya transipo, na twawajua walioipenda transipo kuliko uraia. Kupewa nauli na mkate si kununuliwa. Aliyezunguka tangu alfajiri na ale. Lakini wafadhili walipoondoka na semina zikaisha, ilionekana nani aliendelea kubisha hodi. Huyo wa mwisho ndiye tunayemtafuta katika filamu ya Hamadi.

Wala hatusemi kwamba Hamadi hawezi kumwona. Mwaka 2020 alitoa filamu nyingine, En route pour le milliard, juu ya majeruhi wa vita vya siku sita ambavyo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini Kisangani mwezi wa Juni 2000. Watu hao, wengine wamekatwa miguu, wateremka mto kwa mashua mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Hakuna mgombea aliyewalipa watoke. Wanyeshewa mvua juu ya mashua, wagombana, wapatana, wafika, na milango yafungwa mbele yao. Kamera ileile iliyomfuata mchungaji wa 2011 inawafuata hawa kwa heshima kubwa zaidi, tena kwa uvumilivu zaidi, na kwa maoni yetu filamu hii ya pili ni bora kupita ya kwanza. Katika Atalaku twacheka na kutikisa kichwa. Katika hii ya pili twaaibika kwamba hatukujua, na aibu hiyo yatudumu.

Uchaguzi wa rais unaofuata, kwa hesabu ya Katiba, ni mwaka 2028. Parokia iliyo na chombo cha kuonyeshea filamu na izionyeshe hizi zote mbili, kwa jioni mbili mbalimbali. Baada ya ile ya kwanza wasisimame mapadre kusema. Wasimamishwe wale waliozunguka avenyu za Mangobo mwaka 2018 na mwaka 2023, na watu wawaulize mbele ya wote kile wanachowauliza mlangoni, wakianza na lile la kwanza: amekupa ngapi?