Saa ya kiwandani ilivyowekewa kengele

Mkusanyaji akionyeshwa saa ya mfukoni ya dhahabu ya Kimarekani, ya karne ya 19, inayogonga kengele, macho yake hukimbilia dhahabu. Mimi ningeomba kwanza kuona kilichofichwa chini ya uso wake. Huko ndiko Fred Terstegen wa Elizabeth, New Jersey, alikomaliza ubunifu wake miaka ya 1880.

Waswisi walikuwa na saa zinazogonga hadi dakika moja moja, lakini kila moja ilimhitaji fundi bingwa wa kuilinganisha kwa mkono. Viwanda vya Marekani, kama Waltham na Elgin, viliishi kwa vipuri vya kubadilishana. Terstegen akashusha masharti: saa igonge vipindi vya dakika tano tano, na asitengeneze saa nzima bali nyongeza ya kupachika kati ya mashine ya kiwandani na uso wa saa.

Mwenye saa husukuma kitelezi kilicho ubavuni mwa kasha. Msukumo huo hukaza springi ndogo ya pekee, tofauti na ile inayoendesha mishale. Springi inapofyatuka, wenzo umeshashuka na kugota kwenye bamba lenye ngazi 12, lililochongwa kwa mzunguko kama gome la konokono. Ngazi ikiwa juu, wenzo hukwama mapema na nyundo hupiga mara chache. Ikiwa chini, mapigo huongezeka. Bamba la pili, linalozunguka mara moja kila saa, hutoa hesabu ya dakika. Saa tatu na dakika 37 usiku, mshale mfupi ukiwa umepita 9, utasikia mapigo tisa, kimya kifupi, kisha saba. Mapigo hayavuki 23, ambayo huja saa saba kasorobo ikishapita, zikibaki dakika tano au chini yake.

Wapo wanaoidharau kwa kutotaja dakika kamili. Siafikiani nao. Aliyeamka gizani kabla ya umeme kufika nyumbani hakuwa na haja ya kujua kama ni dakika 37 au 38.

Tatizo la kweli liko kwenye kasha. Marekani ya enzi hizo, mnunuzi aliweza kuchagua mashine na kasha kila kimoja peke yake, sonara akaviunganisha dukani. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa aunsi, na makasha mengi yakayeyushwa. Mashine zikabaki uchi zikitafuta nguo. Lakini mashine yenye kengele ni nene, na inadai kasha lenye kina na tundu la kitelezi. Kwa hiyo chunguza tundu: alama za tupa au lehemu mpya zinaonyesha kasha la kuazima. Tazama pia ukingo wa ndani. Makovu ya skrubu mahali pasipo na skrubu ni ushahidi kwamba mashine nyingine ilikaa humo.

Na maandishi ya udhamini wa miaka 20 si ya dhahabu tupu. Hilo ni kasha la tabaka la dhahabu juu ya madini ya bei nafuu, mbinu ambayo James Boss aliipatia hataza mwaka 1859.

Muuzaji asipokubali kufungua kasha, usinunue. Akikubali, mwombe aigonge mbele yako, na mtu yeyote asiguse mishale kabla mapigo hayajaisha, maana wenzo huvunjika, na kipuri chake hakipatikani dukani.