Povu Mbele ya Hadhira

Chukua sinia pana lenye maji ya sabuni na gliserini kidogo. Zamisha humo mrija wenye ncha nyembamba sana, upulize hewa kwa nguvu isiyobadilika. Viputo vitapanda kimoja baada ya kingine, vyote vya kimo kimoja, milimita moja au pungufu, na vikifika juu havitatawanyika. Vitavutana na kubanana, na bila mkono wa mtu kuvipanga, kila kiputo kitajikuta kimezungukwa na wenzake sita. Baada ya muda sinia lote linakuwa na safu zilizonyooka. Inama sasa uzitazame kwa ubavu. Zinakwenda upande mmoja mpaka mahali fulani, kisha zinageuka ghafla na kushika mwelekeo mwingine, na kati ya pande hizo mbili umebaki mpaka wa viputo visivyopata nafasi ya kukaa sawasawa. Hivyo ndivyo atomu zilivyojipanga ndani ya kipande cha shaba, isipokuwa hapa zimekuzwa kama mara milioni nne.

Sinia hilo ni la Lawrence Bragg, na kwangu ni miongoni mwa vitu vizuri kupita vyote vilivyowahi kuwekwa mbele ya watazamaji. Bragg hakuwa mtu wa mzaha. Alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 25, pamoja na baba yake William, kwa kazi yao ya kusoma mpangilio wa atomu ndani ya fuwele kwa kutumia eksirei. Husimuliwa kwamba wazo la viputo lilimjia akishughulikia mafuta ya mashine yake ya kukatia nyasi, alipoona mapovu yamejipanga yenyewe. Watu wangapi wameona mapovu ya mafuta wakayapita? Mwaka 1947 yeye na mwanafunzi wake John Nye walichapisha makala kuhusu viputo hivyo, zikiwemo picha, katika jarida la Royal Society. Richard Feynman aliipenda kiasi kwamba makala hiyo imo ndani ya kitabu cha mihadhara yake maarufu ya fizikia.

Ugumu wa kuonyesha atomu mbele ya watu ni huu: mwalimu wa atomu anapanda jukwaani mikono mitupu. Wimbi la mwanga wa kijani lina urefu wa takriban nanomita 500, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Atomu ya shaba haifiki hata theluthi ya nanomita. Mwanga wa kuonea hauwezi kukamata kitu kidogo hivyo, hata ukiwa na darubini gani. Kwa hiyo wengi hukimbilia kuchora duara ubaoni, au kuchomeka mipira ya plastiki kwenye vijiti. Sina ugomvi na vijiti, lakini mpira wa kijitini unakaa pale ulipochomekwa. Unajua kile tu alichokijua aliyeuchomeka. Viputo vya Bragg vina sheria yao wenyewe, nguvu ya uso wa maji inayovivuta na shinikizo linalovizuia visiingiliane, na sheria hiyo inafanana vya kutosha na ile inayoshika atomu za metali hivi kwamba unaweza kuviuliza swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake.

Na swali lilikuwepo. Ukikokotoa nguvu inayohitajika kutelezesha tabaka zima la atomu juu ya tabaka jingine, unapata nguvu kubwa mara maelfu kuliko ile inayotosha kupinda shaba safi. Mwaka 1934 Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kivyake, walitoa jibu: tabaka halihami lote kwa mkupuo. Mahali fulani imo safu moja ya ziada iliyoingia nusu na kukomea katikati, na kasoro hiyo ndiyo inayosafiri, hatua moja moja, mpaka itokeze upande wa pili. Aliyewahi kusogeza zulia zito la msikitini anaijua mbinu hiyo. Huliburuti lote, unatengeneza mkunjo upande mmoja, kisha unausukuma mkunjo.

Sasa sukuma ukingo wa povu kwa kipande cha kioo. Kwa nukta chache hakuna kitu, povu linajikaza tu. Halafu mstari mwembamba unachomoka ukingoni na kulikata sinia kwa kasi, jicho linaweza kuupoteza, na povu limeshahama kwa upana wa kiputo kimoja. Likoroge kwa uma wa kioo mpaka livurugike kabisa, uliache. Litaanza kujipanga upya lenyewe, vipande vidogo vikimezwa na vikubwa, na hapo mhunzi yeyote ataelewa kwa nini shaba iliyogongwa mpaka ikawa ngumu hulainika ikirudishwa motoni. Haya yalionekana katika povu wakati bado hakuna aliyeona kasoro ikitembea ndani ya metali halisi. Hilo lilikuja mwaka 1956, Peter Hirsch na wenzake walipoitazama aluminiamu kwa darubini ya elektroni katika maabara ya Cavendish, Cambridge, ileile ambayo Bragg aliiongoza kabla ya kuhamia London.

Alihamia Royal Institution, Mtaa wa Albemarle, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1799 yenye ukumbi ambao viti vyake vimepanda kwa nusu duara kuizunguka meza moja. Mjenzi wa ukumbi ule alijua kazi: hakuna anayekaa mbali na meza. Hapo Bragg alianzisha mwaka 1954 mihadhara ya wanafunzi wa shule, na watoto wakaja kwa maelfu. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana ilikuwepo pale tangu 1825, na baba yake aliwahi kuitoa mwaka 1923, akizungumzia atomu, gesi, vimiminika, almasi, barafu na metali. Ikawa kitabu, na binti mmoja wa shule akapewa na mama yake. Binti huyo, Dorothy Hodgkin, alipata Nobel ya kemia mwaka 1964 kwa kazi ya eksirei na fuwele.

Mkubwa wa wote mezani pale alikuwa Michael Faraday, na alijifunza ufundi huo kwa jasho. Alihudhuria masomo ya usemaji, na msaidizi wake Charles Anderson alimwekea kadi ya kumkumbusha apunguze mwendo. Mwaka 1857 alionyesha maji mekundu kama damu ambayo wekundu wake ulikuwa dhahabu tupu, chembe ndogo mno alizozitenga kwa fosforasi. Kwa macho ni kama rangi iliyoyeyuka. Alipopitisha mwali wa mwanga kutoka ubavuni, njia ya mwali ikang'aa ndani ya chupa, maana chembe zilikuwemo na zilikuwa zikiusambaza mwanga. Chupa zake bado zipo kwenye taasisi hiyo, na rangi haijachuja.

Majina ya wasaidizi husahaulika upesi, na hilo linaniudhi. Bragg alikuwa na Bill Coates, aliyeandaa majaribio ya mihadhara. Mtu wa kazi hiyo ndiye anayejua sabuni ipi inakataa, kwamba ncha ya mrija ikiwa pana kidogo viputo havitalingana, na kwamba povu likipulizwa mapema mno litapasuka kabla hadhira haijakaa. Msemaji akipigiwa makofi, nusu yake ni ya mtu aliye nyuma ya pazia akiwa na kitambaa mkononi.

Povu lina mipaka yake. Viputo vimetulia, ilhali atomu za shaba iliyo mezani kwako zinatetemeka bila kukoma, na kipaji cha Bragg hakikuwa na dawa ya hilo. Katika Makumbusho ya Sayansi ya Boston, Marekani, walilijaribu kwa njia nyingine: wasanii wa kurusha na kudaka mipira wakawa wanasimulia habari za atomu na nanomita kwa michezo ya mikono. Mipira hiyo haina sheria ya shaba. Inakwenda ilikorushwa, na kwa hilo naiweka chini ya sinia. Lakini angalau haitulii, na mtoto aliyeziona atomu zikiwa angani wakati wote ana jambo la kumuuliza mwalimu wa viputo.