Kikomoro, Kiswahili cha Lubumbashi na Matumizi ya Neno "Lahaja"

Neno "lahaja" limetumiwa kwa wepesi mno katika taaluma yetu. Kwa muda mrefu Kikomoro (wenyewe husema Shikomori) kilihesabiwa kuwa lahaja ya Kiswahili, na hoja kuu ilikuwa mfanano wa maneno, hasa yale yenye asili ya Kiarabu. Nurse na Hinnebusch, katika uchunguzi wao wa Kisabaki uliochapishwa mwaka 1993, wanakiweka pahala pake: ni ndugu wa Kiswahili, kama Kipokomo na Kimijikenda, wala si mtoto wake. Msemaji wa Ngazija asemaye wandru, au yule wa Nzwani asemaye watru, haharibu watu ya Unguja. Amelirithi neno hilo kwa njia nyingine. Katiba ya Komoro ya mwaka 2001 iliitaja lugha hiyo kuwa rasmi, pamoja na Kifaransa na Kiarabu. Kwamba Kifaransa kimeendelea kutawala shuleni si jambo ambalo sisi wa Lubumbashi tunaweza kulishangaa.

Linalotuhusu zaidi ni kwamba kipimo hichohicho cha sikio, kilichowapa Wakomoro lugha isiyo yao, kimetunyima sisi iliyo yetu. Kiswahili kilichokua katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga ni Kiswahili kwa nasaba, ingawa Fabian alionyesha mwaka 1986 kwamba siasa ya lugha ya wakoloni ilikieneza kuliko inavyodhaniwa. Lakini kwa kuwa tunasema batoto, na upatanisho wetu wa ngeli ni mlegevu, kimeitwa kibovu. Polomé alikiita krioli. Istilahi hiyo ina heshima zaidi, ila bado inakitazama kutoka pwani.

Kasoro ya mtazamo huo inadhihirika tunaposoma Vocabulaire ya André Yav, historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, na ambayo Fabian aliitoa pamoja na tafsiri mwaka 1990. Mwanafunzi anayeanza kwa kusahihisha kila sentensi ili iwe sanifu atafika mwisho akiwa na orodha ndefu ya makosa, bila kuuliza mtumishi yule alikuwa akimwambia nini mwajiri wake wa zamani, na kwa nini alichagua kumwambia katika lugha ambayo wote wawili waliitumia jikoni.