Nati Haidanganywi

Anayetaka kujifunza kuunda maumbo kwa kompyuta na kuandika msimbo huambiwa achague mradi anaoupenda, mengine yatakuja yenyewe. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Wako wengi walioipenda miradi yao, wakakesha nayo, na bado hawakuvuka kiwango cha kubofya pale walipoelekezwa. Wako na wengine ambao, kwa kazi hiyohiyo ya saa za mapumziko, walijikuta wakikokotoa trigonometria na kurekebisha programu za kuendesha mota bila kuingia darasani kwa ajili hiyo. Ninavyoona mimi, kilichowatenganisha si mapenzi wala kipaji. Ni aina ya mradi wenyewe: je, una kitu cha kumwambia mtu kwamba amekosea, na kumwambia kwa namba? Mfano ninaouona kuwa bora ni RepRap, mradi wa printa ya 3D inayochapisha sehemu zake yenyewe. Unastahili kuchambuliwa kwa sababu michoro na programu zake ziliachwa hadharani, na hivyo tunaweza kuona si matokeo tu, bali pia jinsi watu walivyofikia matokeo hayo.

Aliyeuanzisha mwaka 2005 ni Adrian Bowyer, mhandisi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Alitaka mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, iweze kutengeneza sehemu za mashine nyingine ya aina yake, na kila kitu kuihusu kitolewe bure. Printa ya kwanza iliitwa Darwin. Tarehe 29 Mei 2008, huko Bath, “mtoto” wake alikamilika kuunganishwa na dakika chache baadaye akachapisha sehemu ya kwanza ya “mjukuu”. Mwaka 2009 ikaja printa ya pili, Mendel, na mwaka huohuo hataza ya Marekani iliyokuwa ikilinda njia hiyo ya uchapishaji kwa manufaa ya kampuni ya Stratasys ikaisha muda wake. Mlango ukafunguka. Lakini kwa mada yetu, jambo zito zaidi lilitokea mwaka 2010, pale Josef Průša, kijana wa Prague mwenye umri wa miaka kama 20, alipourahisisha muundo wa Mendel na kuziandika sehemu zake kwa OpenSCAD, programu huria iliyoanza kutolewa mwaka huo.

Katika OpenSCAD mtu hachori kwa kipanya. Anaandika: weka mche mstatili wa vipimo hivi, toboa kwa mcheduara wa kipenyo hiki, unganisha na kipande kile. Shughuli kuu ni tatu, muungano, tofauti na makutano, zilezile za hesabu ya seti. Kila kipimo hupewa jina, na vipimo vingine huandikwa kwa kukitegemea hicho: unene wa kishikio hutokana na kipenyo cha fito ya chuma, na nafasi ya tundu la bolti hutokana na unene wa kishikio. Ukibadilisha fito ya milimita 8 kuwa ya milimita 10, kipande kizima hujipanga upya. Linganisha na faili la STL, ambalo ndilo watu wengi hupakua. Hilo hubeba pembetatu tupu, bila hata kusema kama namba zake ni milimita au inchi. Anayelipokea huliona umbo, lakini hawezi kujua kwa nini ukuta huu una unene wa 3 na si 5. Anayepokea msimbo hupokea na sababu, na sababu ndiyo inayofundishika.

Hapa ndipo nati inapoingia. Sehemu nyingi za printa hizi hushikwa kwa bolti za M3, yaani za kipenyo cha milimita 3, na nati hukaa ndani ya shimo la pembe sita ili isizunguke bolti ikikazwa. Mgeni wa OpenSCAD huandika tundu la kipenyo cha milimita 3, akachapisha, na bolti ikakataa kuingia. Sababu mojawapo imo ndani ya programu yenyewe: haina duara kamili, ina pembenyingi tu, na mtumiaji asipotaja idadi ya pande, tundu dogo kama hilo hupewa pande tano. Pembetano ambayo ncha zake zimegusa duara la milimita 3 inaweza kupitisha bolti ya milimita 2.43 tu, kwa sababu umbali wa kutoka katikati hadi ubavuni ni nusukipenyo mara kosaini ya digrii 36. Ukitaka milimita 3 kamili, gawanya kwa kosaini hiyo badala ya kuzidisha, upate 3.71. Mmoja wa mafundi wa RepRap anayejulikana kwa jina la Nophead alieleza mwaka 2011 kanuni fupi ya jambo hili: chagua idadi ya pande iliyo karibu na kipenyo mara mbili, kisha gawanya nusukipenyo kwa kosaini ya digrii 180 zilizogawanywa kwa idadi hiyo. Tundu la milimita 3 linapata pande sita. Na sasa tazama nati yenyewe. Nati ya M3 ina upana wa milimita 5.5 kutoka ubavu hadi ubavu. Ili kuiandikia shimo lake, unahitaji kipenyo cha kutoka ncha hadi ncha, ambacho ni 5.5 kugawanywa kwa kosaini ya digrii 30, yaani 6.35. Ni hesabu ileile. Mtu aliyeihitaji kwa ajili ya bolti Jumamosi atatambua uso wake kwenye nati Jumapili, na hapo ameshaanza kuelewa kosaini ni kitu gani, badala ya kukariri tu.

Ndivyo ilivyo pia upande wa kuandika programu. Marlin, programu ya ndani iliyotolewa mwaka 2011 na kuenea katika printa nyingi za aina hii, ina faili la mipangilio ambapo mjenzi huandika idadi ya hatua za mota kwa kila milimita. Namba hiyo haiokotwi. Mota ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Saketi inayoiendesha huigawa kila hatua mara 16, zikawa 3,200. Puli yenye meno 20, kwa mkanda ambao meno yake yameachana milimita 2, husogeza milimita 40 kwa kila mzunguko. Gawanya, upate hatua 80 kwa milimita. Sasa chukua puli ya meno 16 na usahau kubadilisha namba: mashine ikiagizwa kwenda milimita 100 itakwenda 80. Mchemraba wa majaribio utatoka umepungua kwa moja ya tano upande huo, kalipa, kifaa cha kupimia, itasema hivyo bila huruma, na namba yenyewe itaonyesha kosa liko wapi, kwa kuwa 16 kwa 20 ndiyo 80 kwa 100. Kosa la aina hii ni zawadi. Halimwambii mwanafunzi kwamba yeye ni mzembe. Linamwambia limetoka wapi.

Walimu wengi hupinga kwamba maarifa ya namna hii ni ya vipandevipande: mtu anajua kosaini ya digrii 30 na hajui kuchora mchoro wa kosaini. Hoja hiyo ina uzito, na wanaoishabikia miradi ya burudani huipuuza haraka mno. Hata hivyo, inadhani kwamba mpangilio wa kitabu ndio mpangilio wa kuelewa. Mwenye nati mkononi amelifikia swali kabla ya jibu, na anapofungua kitabu cha trigonometria anajua anatafuta nini. Kitabu bado kinahitajika. Kinachobadilika ni wakati wa kukifungua. Tena kuandika umbo kwa vipimo vinavyotegemeana humlazimisha mtu atafute kanuni ya jumla, kwa sababu namba iliyobandikwa kwa kubahatisha itaharibika mara tu kipimo kingine kikibadilika. Msimbo unaadhibu ubahatishaji, jambo ambalo mchoro wa mkono huweza kulivumilia.

Wengine husema wengi hunakili tu. Ni kweli, na sina sababu ya kuwatetea. Anayepakua faili, akachapisha na kuweka mezani amepata kitu, hajapata ujuzi. Siku hizi hata msimbo wenyewe huweza kuandikwa na akili bandia kwa sentensi moja ya ombi. Lakini msimbo ulioletwa na mwingine, awe mtu au mashine, bado unapimwa na nati ileile. Nati isipoingia, aliyeuomba msimbo itambidi ausome, ajue mstari upi unahusu upana na upi unahusu uwazi wa kuruhusu plastiki kuvimba. Katika mradi usio na kipimo, kwa mfano sanamu ya kupendeza macho tu, hakuna kinachomrudisha kwenye mstari huo. Sisemi sanamu haina mafunzo. Ina mafunzo ya jicho, ambayo ni elimu nyingine na huhitaji mkosoaji hodari aliye karibu.

Pale ambapo hoja yangu inafika ukingoni ni kwenye nguvu na muda. Kalipa hupima umbo la leo. Haipimi kama kishikio kitabeba mzigo kwa mwaka mzima, wala haimwonyi mtu kwamba kipande kilichochapishwa huvunjika kwa urahisi zaidi pale tabaka zinapokutana, au kwamba plastiki ya PLA hulainika kwenye joto la takriban nyuzi 60, joto ambalo gari lililofungwa vioo juani linaweza kulifikia. Wajenzi wa printa za mwanzo walijifunza mengi ya haya kwa kuungua na kuvunjikiwa. Kwa hiyo kipande cha kubeba uzito wa mtu, au mashine inayoachwa ikiwaka usiku bila kinga ya joto kupita kiasi, visiwe shule ya mtu anayejifunza peke yake. Hapo anahitajika fundi anayejua.

Linabaki swali la gharama, ambalo katika nchi zetu ndilo huulizwa kwanza. Jijini Nairobi kampuni ya AB3D imekuwa ikiunda printa za aina hii kwa kutumia pia vipuri vya vifaa vya kielektroniki vilivyotupwa, na mota za hatua zimejaa ndani ya printa kuukuu za karatasi. Lakini printa si sharti la kuanzia. OpenSCAD ni ya bure, na hutoa pia michoro bapa ya SVG na DXF. Klabu ya shule yenye kompyuta moja inaweza kuandika sanduku lenye meno ya kushikana kwenye kona, ikauchapisha mchoro kwenye karatasi katika duka la steshenari kwa kipimo halisi, ikaubandika juu ya kadibodi na kuukata kwa kisu na rula. Juu kabisa ya msimbo uwepo mstari mmoja wa unene wa kadibodi. Wanafunzi waupime unene huo wenyewe, wauandike, wakate. Kona zikilegea au zikikataa kuingia, warudi kwenye mstari huo kwanza, kisha kwenye mistari yote inayoutegemea, kabla ya kugusa kisu tena.